Vikatio Vitatu vya Mama Milimita

Kila Jumamosi, jua likiwa bado halijayavuka mapaa ya nyumba za jirani, Bi Kasi alikuwa na kazi moja ambayo hakumwachia mtu mwingine: kuifagia karakana ya mama yake. Alianza na brashi ngumu, akizisukuma chenga za alumini kutoka kwenye meza ya mashine hadi ndani ya ndoo. Kidole hakukitumia kamwe, maana chenga hizo hung'aa kama mapambo ya harusi lakini huchoma kama sindano. Kisha alilifuta jiliwa, ile zana ya kubania vyuma, kwa kitambaa chenye mafuta kidogo. Mwisho aliipanga meza ya kazi: spana kushoto, tupa kulia, na katikati daftari la majaribio lenye jalada jeusi.

Karakana ilikuwa chumba kimoja kilichoungana na nyumba yao. Mashine yenyewe haikuwa kubwa. Ilikuwa na kimo cha kabati la vyombo, mlango wa kioo kizito, na kompyuta ndogo ubavuni iliyoielekeza ikate wapi na kwa kina gani. Waliokuja na dharau waliondoka nayo mfukoni baada ya kuziona kazi zake. Mwenye mashine alikuwa ametumika kiwandani miaka kumi na mitano, na mtaa mzima ulimwita Mama Milimita, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumsikia akisema "karibu sawa." Kwake kitu kilikuwa sawa, au hakikuwa.

Binti yake, mwenye umri wa miaka kumi na mitatu, alipewa jina la Bi Kasi kwa sababu zilizo wazi. Alioga kwa kasi, alikula kwa kasi, na katika mpira wa pete alifunga mabao kabla walinzi hawajajua mpira uko wapi. Mama yake alimpenda kwa wepesi huo, na alimwogopea kwa wepesi huohuo.

Jumamosi ile palikuwa na kazi nzito. Wodi ya watoto ilikuwa imeagiza vishikio thelathini vya alumini kwa ajili ya fremu za kutembelea, zile ambazo mtoto anayejifunza kusimama upya baada ya ugonjwa au ajali huzishika kwa mikono miwili. Vishikio vya kwanza, vilivyotengenezwa kwingine, vilikuwa na kingo kali. Mtoto mmoja alichanika kiganja, akagoma kusimama kwa wiki mbili. Sasa watoto walikuwa wakingoja, na vishikio vipya vilitakiwa Jumatatu asubuhi.

"Vipande vyote nimeshavikata," Mama Milimita alisema huku akifunga mkoba wake. "Kilichobaki ni kuyalaza makali ya ukingo, yawe mshazari, ili mkono ukipita usikutane na wembe. Muuza zana ametuazima vikatio hivi vitatu hadi saa sita. Tutabaki na kimoja."

Alivipanga juu ya kitambaa. Cha kwanza kilikuwa chembamba, chenye ncha ndefu kama ya kalamu. Cha pili kilikuwa cha wastani, chenye meno mawili tu. Cha tatu kilikuwa kinene, kizito, chenye meno sita yaliyong'aa kwa zamu kila kilipogeuzwa.

"Hiki cha meno sita ndicho mwanamume, Mama," Bi Kasi alisema.

"Hapa hatuozeshi mtu, tunachagua kikatio," mama alijibu. "Usinichagulie kwa macho. Jaribu vyote vitatu kwenye vipande vya chakavu, kimoja baada ya kingine. Vaa miwani ya kinga, funga mlango wa kioo, kisha pitisha soksi ya nailoni kwenye ukingo. Ikinasa, andika imenasa. Ikipita, andika imepita. Andika na saa. Nitarudi saa sita."

"Sawa, Mama."

Kabla mama hajafika mbali, binamu yake Bi Kasi aliingia mbio. Kijana huyo aliitwa Spika, kwa kuwa hata siri aliisema kwa sauti ya kutangaza mnada.

"Wewe bado umeshika brashi? Mechi imesogezwa mbele! Inaanza saa tatu na nusu!"

"Nina kazi ya Mama."

"Kazi gani? Vyuma vitatu hivyo? Mtoto mdogo angejua kikubwa ndicho bora. Bila wewe tunafungwa ishirini bila, na wale wa darasa lile lingine watatuimbia mpaka tumalize shule."

Bi Kasi alilitazama daftari. Jaribio moja tu lilitaka karibu nusu saa: kukaza kikatio, kupima kimo chake, kubana chakavu, kukata, kukagua. Alihesabu, na kila alivyohesabu majibu hayakubadilika. Ndipo akaichukua kalamu. Kikatio cha kwanza, akaandika, soksi imenasa. Cha pili, soksi imenasa kidogo. Cha tatu, saa tatu na dakika arobaini, ukingo safi, soksi imepita. Mwandiko wake ulikuwa mzuri, na mistari ilinyooka. Akavua aproni, akatoka.

Timu yao ilishinda. Bi Kasi alifunga mabao kumi na moja, na kwa muda wa saa mbili hakulikumbuka daftari hata mara moja.

Saa sita Mama Milimita alirudi, akaliinamia daftari na kulisoma mstari kwa mstari. "Ajabu," alisema. "Nisingedhani meno sita yangefaa kwa mashine yetu. Lakini aliyejaribu ndiye ajuaye." Akavifunga vikatio viwili vilivyobaki, akampa Spika, aliyerudi na Bi Kasi kutoka uwanjani, avirudishe dukani. Kisha akakikaza kile kinene, akabana kishikio cha kwanza, akafunga mlango wa kioo na kubonyeza kitufe.

Mashine ilipiga ukelele. Haikuwa sauti yake ya kawaida, ile ya nyuki wengi wakiwa kazini. Ilikuwa sauti ya ukucha ukiburuzwa juu ya bati. Meza ilitetemeka, spana zikagongana. Kabla hata sekunde tano hazijatimia, mkono wa Mama Milimita ulikuwa umeshaisimamisha. Alikitoa kishikio. Ukingo wake ulikuwa na mawimbi kama meno ya msumeno. Alipitisha soksi, ikachanika.

Bi Kasi alingoja kukaripiwa. Hakukaripiwa. Mama yake alisimama mbele ya mashine, kichwa kimeinama, kama daktari anayemsikiliza mgonjwa.

"Kikatio ni kizima," alisema taratibu. "Daftari linasema asubuhi kilikata safi. Basi ugonjwa umeingia kwenye mashine baada ya saa tatu na dakika arobaini. Huenda ni beringi za mhimili unaokizungusha kikatio."

Akachukua bisibisi, akaanza kufungua bamba la mbele.

Bi Kasi alisogea karibu. Aliijua kazi ile. Mwaka uliopita mama yake alitumia siku mbili nzima kuurudisha mhimili ule kwenye mstari wake, akipima, akilegeza, akipima tena, hata chakula akakisahau mezani. Bamba likatoka. Nyuma yake zilionekana boliti nne kubwa.

"Hizi zikishalegea," mama alisema, zaidi kwa nafsi yake, "Jumatatu hatuipati tena. Itanibidi niwapigie simu wodini. Lakini siwezi kukata kwa mashine mgonjwa."

Spika, ambaye alikuwa amerudi kutoka dukani, alimsogelea Bi Kasi na kwa mara ya kwanza maishani mwake akanong'ona. "Nyamaza. Mashine huharibika, ni chuma tu. Nani atajua?"

Hakuna ambaye angejua. Hilo ndilo lililomtisha Bi Kasi kuliko yote. Mama yake alikuwa anaivunjavunja mashine nzima kwa sababu moja tu, kwamba hakuweza kuwaza kuwa binti yake ameandika uongo. Spana ilikaa kwenye boliti ya kwanza. Mabega ya mama yakajikaza.

"Mama, usifungue!"

Spana ikasimama.

"Mashine haina ugonjwa. Sikujaribu. Hata kimoja sikujaribu. Nilikwenda kwenye mechi, nikaandika tu."

Mama Milimita aliiweka spana mahali pake, akajifuta mikono, akalivuta daftari.

"Umeandika hata saa."

"Ndiyo, Mama."

"Saa tatu na dakika arobaini ulikuwa wapi?"

"Uwanjani. Nilikuwa... nilikuwa nimefunga bao la pili."

"Ungeniambia una mechi, ningekuambia nenda, ukirudi utajaribu. Muuza zana angetuongezea muda, si mtu wa roho mbaya." Sauti yake haikupanda, na Bi Kasi alitamani ipande. "Miaka yote niliyolitumia daftari hili, sijawahi kurudi nyuma kuhakiki kilichoandikwa humu. Leo ndiyo mara ya kwanza."

Hakuuchana ukurasa. Alimpa kalamu, akamwagiza apige mstari mmoja juu ya kila jaribio la uongo, maneno yabaki yakisomeka, na kando yake aandike: halikufanyika. Bi Kasi aliandika mara tatu, na mara hii mwandiko wake haukunyooka.

"Sasa kimbia dukani ukavichukue tena vile viwili. Na muuza zana mwambie sababu."

Alikimbia kuliko alivyokimbia uwanjani. Dukani alimkuta fundi mwingine amekishika kile kikatio cha meno mawili, anakigeuzageuza penye mwanga.

"Mzee, nisamehe," alisema akihema. "Tulisema tumevijaribu, kumbe mimi sikuvijaribu. Niliandika uongo. Tunaviomba tena."

Muuza zana alimtazama juu ya miwani yake. "Mmh! Watu wazima wangapi huja hapa wakasingizia kikatio, wakasingizia umeme, wakasingizia hata mvua. Bwana fundi, mwachie mtoto. Amelipia kwa aibu, na aibu ni ghali."

Alasiri yote Bi Kasi alijaribu, na mama alikaa kwenye kigoda akitazama bila kuingilia. Kile chembamba kilikata, lakini mshazari wake ulisimama mno, na ncha yake ikameguka kipande kidogo kama punje ya chumvi. Cha meno sita kilipiga ukelele uleule wa mchana.

"Kwa nini kinalia?" mama aliuliza.

Bi Kasi alifikiri. "Meno ni mengi, yanauma kwa pamoja. Mashine yetu ni ndogo, haina nguvu ya kuyashikilia yote. Inatetemeka."

"Endelea."

Cha meno mawili kilitoa sauti nzuri, ila soksi ilinasa. Asubuhi angeandika imenasa, akakitupa kando. Sasa alichukua kioo cha kukuzia, akauchunguza ukingo kwa muda mrefu, akaona vinyuzi vidogo vya alumini vilivyoachwa bila kukatwa.

"Mama, nimekatia ncha. Na ncha yenyewe haisafiri, inazunguka palepale, kama mtu aliyesimama katikati ya duara la watoto wanaokimbia. Nikikishusha zaidi, ukingo utakutana na sehemu ya kati ya jino. Huko ndiko kwenye mwendo."

Mama Milimita alinyanyuka kigodani kwa mara ya kwanza. Alisogea hadi kwenye mlango wa kioo, macho yakimng'aa.

Alikishusha kikatio milimita moja na nusu, akausogeza ukingo kiasi hichohicho ili mshazari usipanuke. Mashine ikaimba. Soksi ilipita upande huu, ikapita upande ule, ikapita kwenye kona zote nne. Akaandika.

Kishikio kilichoharibika hakikuikwamisha kazi, kwa maana Mama Milimita, alivyo, alikuwa amekata thelathini na kimoja. Walifanya kazi hadi jua lilipokaribia kuzama, na kesho yake alasiri, na Bi Kasi alikikagua kila kishikio kwa mkono wake bila kuharakisha hata kimoja.

Jumatatu asubuhi mtaalamu wa viungo wa wodi ile alikuja mwenyewe kuvichukua. Alifumba macho, akapitisha kidole gumba kwenye ukingo wa kishikio kimoja, kisha cha pili, kisha cha tatu.

"Laini kama sabuni," alisema. "Hapa mtoto atashika bila woga. Nani aliyechagua kikatio?"

"Binti yangu," Mama Milimita alisema. "Mara ya pili."

"Na mara ya kwanza?"

Mama alimtazama binti yake, naye Bi Kasi, aliyekuwa amevaa sare tayari kwa shule, hakuinamisha uso. "Mara ya kwanza sikuchagua," alijibu mwenyewe. "Nilibahatisha, nikaandika kuwa nimejaribu."

Mtaalamu wa viungo alimwitikia kwa kichwa, kwa heshima.

"Sikia, mwanangu," Mama Milimita alisema. "Kukosea kikatio si aibu, mimi nimekosea vingi. Lakini mtu akiandika asichokiona, anayemwamini ndiye anayeumia. Mimi ningeivunja mashine nzima, na watoto wangekaa vitandani wiki nyingine, kwa mistari mitatu ya kalamu. Fanya kwanza, kisha andika. Na ukikosea, sema mapema, kama ulivyosema. Ile ilikuwa kazi ngumu kuliko zote ulizofanya hapa, na uliifanya vizuri. Haya, shika upande ule wa sanduku, tulipakie garini. Shule inakungoja."

Bi Kasi akashika upande wake, mama akashika wa kwake, wakalinyanyua sanduku kwa pamoja na kutoka nalo polepole.