Sahani ya Dereva

Sahani ya dereva ilikutwa imeliwa, na dereva mwenyewe alikuwa bado Lubumbashi anasubiri kupakua saruji. Fortunée alifunua kifuniko, mtoto wake Orpa mgongoni, akaona bukari, ugali wa kwao, hakuna, mboga ya sombe hakuna, hata miiba ya samaki hakuna. Kwenye ukingo wa sahani ile ya bati kulikuwa na alama ya kidole gumba, nyeusi, ya grisi.

"Ba Kalombo, ulikula ya Cyrille?"

"Minye?" Mumewe alikuwa mlangoni anavua viatu, akajigusa kifua. "Nilishiba yangu, nitafute ya mwenzangu juu ya nini? Ni paka."

"Paka iko na kidole ya grisi?"

"Basi ni paka ya mekaniki."

Wakacheka wote wawili. Lakini alipoiosha sahani, harufu ilimpanda puani, na haikuwa ya samaki. Ilikuwa ya breki zilizoungua. Baba yake Fortunée alikuwa dereva; harufu hiyo aliijua kabla ya kujua kusoma.

Kalombo alikuwa mtu wa lori moja. Aliliendesha mwenyewe, akalitengeneza mwenyewe, akalala kitini kwenye vumbi la barabara. Siku Orpa anazaliwa yeye alikuwa amekwama njiani na tairi lililopasuka, na aliporudi mtoto alikuwa ameshapewa jina. Akaapa palepale: atanunua magari mengine, ataandika madereva, naye atalala nyumbani kwake mtaa wa Panda, Likasi, kama watu wengine. Majirani walisema anajikweza. Fortunée aliwajibu kwamba waanze kuzoea.

Lori la pili lilipatikana kwa bei nafuu. Liliwahi kuanguka kwenye mteremko wa njia ya Kapolowe, kichwa kikanyooshwa, likapakwa rangi ya buluu. "Ilipata shida kidogo tu," alisema muuzaji, akiangalia pembeni. Siku lilipoingia uani watu walikuja, Pasta Magloire akaomba akizunguka magurudumu yote, na Fortunée, kwa furaha, akaweka mkono juu ya boneti akasema yale ambayo mama yake alikuwa akisema zamani: "Shofere ya kamyo hii ni mutoto ya nyumba hii. Aingie, akule. Sahani yake iko." Watu wakapiga makofi. Cyrille aliandikwa kazi juma lililofuata.

Baada ya sahani kuliwa, zilianza sauti. Kila jua likizama, saa ya kusonga bukari, breki za hewa zilipumua nje ya lango, pshiiii, kama lori kubwa limefika na linatulia. Fortunée alikimbia kufungua. Barabara tupu, vumbi limelala, jirani ng'ambo anapepeta unga.

"Umesikia kamyo, mama Glodie?"

"Kamyo gani? Weye unyonyeshe mutoto, ulale. Unakonda."

Siku moja alimwacha Orpa kwenye mkeka karibu na jiko, akatoka kuchota maji kidogo tu, na aliporudi mtoto alikuwa anacheka, anacheka na kiti kisicho na mtu, ananyoosha mikono kama anayetaka kubebwa, na kitambaa chake cheupe kilikuwa na alama ya mkono mzima, vidole vitano vya grisi, mkono mkubwa wa mwanaume, na joto lake, alipokigusa, lilikuwa bado halijatoka. Alimnyakua mtoto. Hakupiga kelele. Alimwambia mumewe kwa sauti ya chini, na safari hii Kalombo hakutaja paka.

Cyrille alirudi kesho yake. Hakuingia kula. Aliweka ufunguo juu ya ukuta, akabaki amesimama.

"Ba patron, munisamehe. Minye sirudie mu ile kamyo."

"Nani alikusumbua? Polisi?"

"Ingekuwa polisi ningefurahi." Akatazama nyuma. "Pale kwenye muteremko, ninashika levier ya gia nibadilishe vitesi, mukono ingine inakuja juu ya yangu. Ya moto. Inasema pa sikio, polepole: Shuka, mudogo, kiti ni yangu. Nikauliza garaji walikoinyoosha. Shofere ya zamani anaitwa Banza. Alikufiaga mule ndani."

Habari ilikimbia kuliko lori lenyewe. Hakuna dereva Likasi aliyetaka kuuona ufunguo ule. Mzigo wa unga ulikuwa umeshapakiwa, mteja anapiga simu, na Kalombo akasema neno ambalo Fortunée aliliogopa kuliko mikono yote ya grisi: "Kesho naendesha mwenyewe."

"Hauendi."

"Mama Orpa, nikiogopa leo, nitarudia kuwa mutu ya kamyo moja hadi kufa."

"Na ukienda hautarudia hata hiyo moja! Mutoto akuitage papa pa kaburi?"

Wakamwita Pasta Magloire. Alikuja jioni ileile na Biblia kwapani, akasimama katikati ya jiko, akaamuru kwa nguvu: "Pepo muchafu, toka!" Umeme ukakatika. Harufu ya breki ikajaa nyumba yote hadi macho yakatoa machozi, kifuniko cha sahani kikaanza kutikisika peke yake juu ya meza, tikitiki, tikitiki, na kutoka pale pembeni pa sufuria, chini kabisa, kwa sauti ya mtu aliyechoka na safari, ikasemwa: "Minye si pepo. Minye njo shofere."

Pasta alitoka bila Biblia yake. Kalombo alimvuta mkewe, lakini Fortunée alibaki amesimama kama aliyepigwa kofi. Shofere. Dereva wa lori hili. Siku ile ya maombi, Cyrille alikuwa hajaandikwa. Lori lilikuwa na dereva mmoja tu duniani, naye alikuwa marehemu, na yeye Fortunée, kwa mdomo wake, mkono juu ya boneti, alimwita mwana wa nyumba akamwambia sahani yake ipo. Huyu hakuvamia. Alialikwa.

Hofu yote ikageuka hasira. Kumbe ni mfanyakazi! Basi mfanyakazi anafukuzwa.

Asubuhi, jua limewaka, watu wakitazama juu ya ukuta, alisonga bukari nyeupe, akaijaza ile sahani ya bati, akampa Kalombo mtoto, akapanda mwenyewe kwenye lori la buluu akaketi upande wa abiria. Mlango ukajifunga.

"Ba Banza," alisema, akiiweka sahani kati ya viti, "minye njo nilikuandika kazi. Minye njo ninakutosha ku kazi, utoke."

Kiti cha dereva kilibonyea.

"Kosa yangu nini?" Sauti ilikuwa karibu na shavu lake. "Walisema nilikunywa. Sikunywa. Breki njo zilikatala. Nilimwambia patron ya wakati ule, breki inakatala. Akasema enda."

Fortunée alilia, hakujua kama ni kwa woga au kwa huruma. "Hauna kosa. Ninasema mbele ya batu bote: Banza hana kosa! Lakini kazi ilisha. Mutoto yangu hautamugusa, bwana yangu hautamupeleka. Kula ya mwisho, rudisha ufunguo."

"Nitaenda wapi?"

"Kule bafu, marehemu benzako, balienda. Hapa hapana."

Bukari ikaanza kubonyea, tonge moja, tonge lingine, bila mkono, bila mdomo, joto likipanda hadi kioo kikatoka jasho, na yeye amekaza macho mbele, anasikia mtu anatafuna, anasikia mtu anavuta pumzi kama anayelia, na mguu wake mwenyewe umebana mlango lakini hashuki, hashuki, kwa sababu akishuka kabla yake, lori litakuwa la Banza. Kisha, ting! Ufunguo mweusi, wa moto, uliopinda kwa ajali, ukaanguka kwenye sahani tupu. Nje ya lango breki zikapumua, pshiiii, na mngurumo ukaondoka kuelekea njia ya Kapolowe, watu wote wakageuza vichwa kuufuata, wasione kitu.

Sahani ile aliitoboa katikati kwa msumari, isishike tena chakula cha mtu.

Kalombo alibadilisha breki zote kabla lori halijasogea. Cyrille alirudi kazini. Na lori la tatu lilipofika uani, watu wakamwangalia Fortunée aseme maneno yake, yeye akakunja mikono. "Kwanza mutu asimame hapa. Jina yake nani?" Kijana mrefu akasema anaitwa Gracien. "Gracien, weye unayepumua, sahani yako iko. Ya mwingine haina."

Jioni hiyo Orpa, ambaye alikuwa hajasema neno hata moja tangu azaliwe, aligeukia lango, akapunga mkono, akatoa midomo mbele.

"Pshiiii."

Fortunée aliweka mwiko chini. Alitembea hadi langoni, akasukuma komeo hadi mwisho.

"Ba Banza," alisema kupitia bati la lango, "ulisha kutoshwa ku kazi. Pita njia yako."