Kikohozi Kisicho na Mwenyewe

Kikohozi cha ziada kilianza msimu wa joto, na hakuna aliyekishtukia, kwa sababu katika karakana ile kukohoa kulikuwa kosa na kuficha kikohozi cha mwenzako kulikuwa adabu.

Ilikuwa karakana ya kushona barakoa. Dunia nzima ilikuwa inaumwa, barakoa zilitakiwa kama maji, na Bosi alikuwa amepigilia madirisha yote misumari ili vumbi la barabarani lisichafue kitambaa cheupe. Mafundi wenyewe hawakuruhusiwa kuzivaa. Hizi ni za wateja, alisema Bosi, bila kucheka, kwa hiyo na wao hawakucheka. Cherehani zilipangwa kiwiko kwa kiwiko. Yeye alikaa ofisini, nyuma ya kioo, na feni yake.

Aliyekohoa alirudishwa nyumbani, na kwa kawaida hakuitwa tena. Basi mafundi wakazua mbinu yao. Mmoja akibanwa na kikohozi, jirani yake anakanyaga cherehani kwa nguvu mpaka mlio unameza kila kitu. Hakuna aliyegeuka kutazama nani kakohoa. Kugeuka kungekuwa kumchongea.

Kidoti, mshona mipira ya masikioni, alikuwa hodari wa kukanyaga. Jina hilo alilipata kwa doa la shavuni. Nyumbani alikuwa na mama yake mwenye pumu, chumba kimoja, kitanda cha mama upande huu na godoro lake upande ule. Kila jioni kabla ya kuingia alivua nguo za kazi uani, akaoga, akasukutua. Hakuogopa kuumwa. Aliogopa kumpelekea mama.

Siku moja mchana umeme ukakatika. Cherehani zikanyamaza kwa pamoja, na katika kimya kile mtu akakohoa. Kikohozi kikavu, kirefu, cha mtu asiye na haraka. Kilitoka kwenye kiti cha Shangazi, mshona mikunjo, ambaye walikuwa wamemzika juma lililopita.

"Nani huyo?" akauliza Mkataji, mzee wa mkasi.

"Babu, usiulize," akanong'ona Kidoti. "Tunafichana."

"Namficha nani? Kiti kile hakina mtu."

Hapo ndipo harufu ilipowafikia, harufu ya mdomo wa mgonjwa asubuhi, ya kitambaa kilichoanikwa kikiwa kibichi kikakosa jua, ikipita katikati ya viti polepole kama mtu anayetafuta pa kukaa. Na juu ya meza ya Shangazi, kwenye rundo la barakoa alilokuwa ameliacha, ile ya juu kabisa ikavimba kidogo, ikanywea, ikavimba tena, ikanywea, kama inavyofanya barakoa iliyo usoni mwa mtu anayepumua, ila chini yake hapakuwa na uso wala mtu, na mafundi wote walikuwa wameiona na wote walikuwa wamebana pumzi zao.

"Mara ngapi nimekikanyagia kile," akasema Kidoti, "nikidhani ni mmoja wetu."

Walikwenda kwa Bosi wote pamoja. Bosi aliwasikiliza huku akitazama simu.

"Jini. Na nyie mmekwenda shule."

"Hata kama si jini, Bosi," akasema Mkataji, "fungua madirisha. Tupe barakoa. Tutenganishe viti."

"Madirisha hayafunguliwi. Kama ni jini, nitamleta mtu wa majini."

Kung'oa misumari, inaonekana, kulikuwa kugumu kuliko kung'oa jini. Kesho yake akaja mganga, mama mnene mwenye barakoa mbili, moja juu ya nyingine. Alifika kizingitini, akasimama, akanusa.

"Ingia, mama," akasema Bosi.

"Siingii. Humu hamna hewa." Alikuwa anatetemeka, na hakujali kuonekana. "Aliyemo anakula pumzi zilizokwisha kutumika, na nyie mnampikia kutwa. Nikiwasha ubani humu ndani nitakuwa nimemwongezea mboga."

Akakusanya vitu vyake akaondoka.

"Mmemsikia," akasema Bosi. "Tatizo ni hewa tu. Kazini."

Hawakuingia. Walikaa uani, karibu na bomba, kila mmoja mbali na mwenzake.

"Kumwomba tumemwomba," akasema Mkataji. "Kuna ofisi ya kazi, wana mkaguzi wa usalama, na simu wanapokea. Na kuna kutoingia. Akigoma mmoja ataitwa mkorofi. Tukigoma wote, huo ni mtihani wa Bosi."

"Akitufukuza?" akauliza mpiga pasi.

"Bora nifukuzwe nikiwa natembea kwa miguu yangu."

Kidoti hakutaka mzaha. "Mama yangu anapumua kwa kuhesabiwa, babu. Naingia humo ili nimnunulie dawa, na kila nikitoka naogopa nimembebea nini."

Akachukua simu yake, akapiga ofisi ya kazi mwenyewe. Alieleza yote, isipokuwa jini.

Walipokuwa wakingoja, cherehani moja ikaanza kulia ndani. Bosi akatoka mbio, uso umempauka.

"Nani kabaki humo? Kuna mtu anakohoa."

"Si wetu, Bosi," akasema Mkataji. "Sisi wote tuko hapa."

Mkaguzi alifika alasiri, mwanamke mkavu asiyekuwa na salamu nyingi. Aliangalia misumari kwanza, Bosi baadaye. Madirisha yakafunguliwa mbele yake, moja baada ya jingine, na upepo ukaingia kwa kishindo ukapeperusha barakoa nyeupe mpaka darini; na ile harufu ikatoka mlangoni, ikawapita mafundi waliosimama uani, usoni mwa huyu, usoni mwa yule, bila haraka, ikichagua, kisha haikuwepo tena. Watu wakapumua. Mpiga pasi akalia, akacheka. Karakana ikafungwa mpaka irekebishwe.

Kidoti alirudi nyumbani jua likiwa bado lipo. Akavua nguo uani, akaoga, akasukutua, akasimama mlangoni na habari njema mdomoni. Koo likamwasha. Akameza. Likamwasha tena, chini zaidi, kama kucha inayokwaruza kwa ndani, naye akafumba midomo, akaiziba kwa viganja vyote viwili, akaanza kurudi nyuma.

"Hodi," ikasema sauti kavu kutoka kifuani mwake.

Alitaka kumwambia mama asiitike. Koo halikumtii.

"Mgeni gani tena jioni hii?" Mama alijigeuza kitandani, sauti imejaa furaha ya mtu aliyeshinda peke yake. "Karibu. Pita ndani."