Kola ya Kashata

Paka aliruka. Miguu yake ya nyuma ilikwisha kuachana na ardhi, na sange aliyekuwa akifukua majani makavu chini ya ua hakuwa amegeuka hata kumtazama. Kisha, akiwa bado hewani, paka akapoa. Alitua kama mto ulioanguka kitandani, hatua moja tu kutoka kwenye mkia wa sange, akaketi na kuanza kulamba kiganja chake. Sange akaendelea kufukua.

Theodora Mkude, aliyekuwa amesimama kibarazani na kibao cha kumbukumbu mkononi, akaandika: *Kashata. Saa mbili na dakika kumi asubuhi. Kola imefanya kazi. Theluthi ya sekunde.*

Kola ile waliiita kizuia-windo. Ndani yake mlikuwa na kisoma-wimbi kisichozidi ukubwa wa punje ya mtama, kilichosikiliza ubongo wa paka usiku na mchana. Kila paka anapotaka kuwinda, wimbi fulani huinuka kichwani mwake kabla misuli haijajikaza. Kola ililidaka wimbi hilo na kulilaza. Paka hakuumia wala hakushtuka. Alipoteza tu hamu.

Ilikuwa kola hiyo iliyowaokoa paka wa Morogoro. Miaka ishirini nyuma, mashine-mpanzi zilipomaliza kuotesha misitu juu ya mapaa ya maghorofa, viumbe walianza kushuka kutoka milima ya Uluguru kuja kukaa na watu. Hondohondo walitua madirishani. Komba walilala kwenye masanduku ya umeme. Hata sange, yule mnyama mdogo mwenye pua ndefu kama mrija, ambaye wazee tu walikuwa wakimkumbuka, alionekana bustanini. Paka wakawa maadui wa mji, na baraza likaanza kuwatilia sumu. Kola ilipopatikana, sumu ikakoma. Kanuni ikawa moja: paka yeyote akanyagaye nje, avae.

Theodora alikuwa miongoni mwa mainjinia sita walioibuni, katika maabara iliyoitwa Tulivu. Sasa alikuwa amestaafu. Siku tatu kwa wiki alijitolea katika Makao ya Paka ya Bondeni, akirekebisha kola, akisafisha vizimba, na kila Jumapili asubuhi akiungana na majirani waliokuja kuhesabu ndege na wanyama wa eneo lile. Wenzake walipiga kelele za furaha wakimwona ndege aitwaye kurumbiza. Yeye aliandika tarakimu.

Hakuwa na huzuni. Hilo alikuwa na hakika nalo.

"Mama Dafrosa!" Bwana Lukali alimwita kutoka ndani. Alikuwa ndiye mtunzaji wa makao, mtu mnene wa miaka sitini na ushei, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. "Hebu njoo uone maajabu haya. Njoo upesi."

Kashata alikuwa amezaa siku tatu zilizopita, watoto wanne, ndani ya kikapu kilichotandikwa magunia. Theodora alimkuta Bwana Lukali amepiga magoti mbele ya kikapu hicho. Watoto watatu walikuwa wakilia kwa vile visauti vyao vyembamba kama bawaba isiyotiwa mafuta. Wa nne hakuwa akilia.

"Huyu amekwenda," alisema Bwana Lukali. "Na hawa wengine wanamfuata. Mama yao hawalambi, hawanyonyeshi. Anaingia, analala ubavu mwingine, anatazama ukuta. Mimi nimefuga paka tangu nina akili zangu, sijaona paka asiyemsikia mwanawe; ila hapa makaoni huyu ni wa kwanza kuzaa na kola shingoni. Ana nini?"

Theodora alimwinua yule aliyekufa. Alikuwa mwepesi kama soksi. Alijua kwamba hapo ndipo mtu huhisi kitu, na alisubiri kidogo, kwa adabu, kama mtu anayesubiri mlango ufunguliwe. Hakuna kilichokuja.

Simu yake ya sikioni ikalia. Ilikuwa Dafrosa, binti yake wa pekee, kutoka Mwanza.

"Mama, nimejifungua," alisema Dafrosa. Sauti ilikuwa imechoka, ikicheka. "Wa kiume. Tumempa jina la baba. Anselmi."

"Vizuri," alisema Theodora. "Ana uzito gani?"

Upande wa pili mtoto alianza kulia.

"Kilo tatu na robo. Mama, ni hilo tu?"

"Ni uzito mzuri, mwanangu. Pumzika." Akakata simu, na akagundua kwamba bado alikuwa amemshika yule mtoto wa paka mkononi.

Bwana Lukali alikuwa akimtazama. Akachukua koleo na kwenda nyuma ya nyumba kuchimba.

Alipokuwa peke yake, Theodora aliunganisha kibao chake na kola ya Kashata, akafungua kumbukumbu za siku tatu. Alitarajia kuona kola imelala saa zote paka alizokuwa kikapuni, maana ndani ya chumba kile hakukuwa na cha kuwindwa. Lakini kola ilikuwa imefanya kazi mara mia tisa na kumi na mbili. Alilinganisha saa na sauti zilizorekodiwa chumbani. Kila mtoto alipolia, wimbi liliinuka kichwani mwa mama yake, na kola ikalilaza.

Lilikuwa wimbi lilelile. Wao wote sita waliamini wanazima windo. Kumbe ndani kabisa, kabla paka hajajua kama kinachotikisika kwenye majani ni chakula au ni mwanawe, kuna kitu kimoja tu kinachoinuka na kuitika. Walikuwa wamezima kuitika.

Akaifungua kola, akaiweka mezani.

Kwa dakika ishirini hakikutokea kitu. Kisha Kashata aligeuza sikio moja. Akageuza na la pili. Akainuka, akanusa kikapu pande zote kama mtu aliyerudi nyumbani akakuta samani zimehamishwa, akamwangukia mtoto wa kwanza kwa ulimi. Alimlamba kwa nguvu hadi mtoto akabingirika. Muda si muda wote watatu walikuwa wananyonya.

Bwana Lukali alirudi, koleo mkononi, akasimama mlangoni. "Loo," alisema. "Umemfanyaje?"

"Nimemvua."

"Kanuni je?"

"Tumfungie ndani."

Wakamfungia. Lakini siku ya nne mtu alisahau kitasa cha dirisha, na paka mwenye wanawe anajua kutafuta njia. Asubuhi walimkuta kikapuni ametulia, na mbele ya watoto wake amewawekea sange. Pua yake ndefu ilikuwa imelala juu ya gunia. Sange huyo alikuwa jike, na tumbo lake lilikuwa limejaa mimba.

Majirani wa Jumapili walikuja, wakasema maneno makali. Mwalimu mmoja wa kike alimwuliza Theodora mbele ya watu kama alijua walisubiri miaka mingapi sange warudi bondeni. Theodora alijibu kwamba alijua, akataja idadi ya miaka. Jibu hilo liliwaudhi zaidi.

Bwana Lukali ndiye aliyelia. Alikaa kwenye ndoo iliyofudikizwa, amemweka yule sange mapajani, machozi yakimtiririka mashavuni bila aibu, na kamasi juu. "Kila asubuhi alikuwa anapita hapa mlangoni," alisema. "Nilikuwa namwambia, habari za kwako, bibie."

Theodora alimtazama mwanamume mzima akimlilia mnyama asiyefika hata kilo moja. Ndipo likamjia, si kama uchungu, bali kama hesabu iliyokubali hatimaye: kwamba miaka mitatu na miezi minne iliyopita alimzika mume wake, na hakulia.

Nyuma ya sikio lake la kushoto, chini ya ngozi, palikuwa na kitu kidogo kama punje ya mtama. Walikiita kitulizo. Aliwekewa siku ileile mumewe Anselmi alipokata roho, katika ukumbi wa hospitali, na muuguzi mwenye sauti laini aliyemwambia kitamsaidia kuvuka siku za mwanzo. Alikuwa injinia. Alijua vizuri kimetokana na mashine gani. Siku za mwanzo zikapita, na hakuona sababu ya kukitoa, kwa kuwa hakuona sababu ya jambo lolote.

Alimpigia Shomvi, mwenzake wa zamani, ambaye sasa ndiye aliyeiongoza Tulivu. Alimsomea tarakimu za Kashata.

"Tunajua," alisema Shomvi.

"Tangu lini?"

"Tangu majaribio ya mwisho. Paka wachache wanakua, ndege wengi wanapona. Baraza halikuona ubaya."

"Na kitulizo?"

Shomvi alivuta pumzi. "Watu elfu arobaini wanacho, Theodora. Wanakwenda kazini, wanalala vizuri. Hajatokea hata mmoja wa kulalamika."

"Watalalamika kwa kitu gani?" aliuliza Theodora. "Umekizima."

Siku ileile aliziandika tarakimu zote na maelezo yake, akazituma barazani na kwenye magazeti mawili, kwa jina lake kamili.

Juma lililofuata, yeye na Bwana Lukali walianza kujenga ua wa wavu nyuma ya makao, wenye paa, ili paka wakae bila kola na sange wapite nje salama. Yule mwalimu mkali alikuja kuwasaidia kufunga waya. Hakuomba radhi, wala hakuombwa.

Kisha Dafrosa akaja kutoka Mwanza, mtoto kifuani, kwa sababu mama yake alikuwa amempigia na kumwambia kwa sauti ileile kavu: "Nakwenda kutoa kitulizo nilichowekewa baba yako alipokufa. Nadhani nisiende peke yangu."

Tabibu kijana aliwaonya. "Kitulizo hakifuti kitu, mama. Kinazuia tu. Kilichozuiwa chote kipo. Sijui kitakuja lini, ila kitakuja kwa mkupuo."

Theodora akatia sahihi. Kazi yenyewe ilichukua muda mfupi kuliko kung'oa jino.

Walitoka wakitembea taratibu, jua la saa nne likipenya katikati ya miti ya mapaani, hondohondo wakigombana juu yao. Theodora hakuhisi kitu. Alifikiri pengine amechelewa, pengine kwake hapakubaki kitu cha kurudi. Walipita soko, wakapita shule. Kisha, bila kukusudia, kwa namna mtu anavyouliza saa, akasema:

"Dafrosa. Hivi baba yako tulimzika na shati gani?"

Dafrosa alisimama. "Lile la bluu la kitani. Lenye kifungo kimoja tofauti." Akamtazama mama yake. "Wewe ndiwe uliyemvalisha, mama. Ulivifunga vifungo vyote mwenyewe, ukanawa mikono, ukauliza chakula cha wageni kimefikia wapi. Sikukusamehe. Mpaka leo sijakusamehe."

Theodora alifungua mdomo ajibu, na vidole vyake vikakumbuka kile kifungo.

Alianguka palepale kando ya barabara. Sauti iliyomtoka hakuijua. Wapita njia waligeuka, mashine-fagizi ikasimama na kumzunguka, mtoto akaamka na kulia naye. Alilitaja jina la mumewe, akalirudia, akauliza amekwenda wapi, kama wanavyouliza watu siku ya kwanza.

Dafrosa hakumwambia anyamaze. Alifungua kanga yake ya pili, akaitandika chini kwenye vumbi, akamkalisha mama yake juu yake, akaketi ubavuni pake na mtoto mapajani. Mwanamke mmoja asiyewajua alisogea, akauliza kwa sauti ya chini, "Mmefiwa?"

"Ndiyo," alisema Dafrosa. "Na baba yetu."

"Poleni sana," alisema yule mwanamke, akavua viatu, akaketi nao.