Kizibao Kina Mwenyewe

Siku mfuko ulipoletwa nyumbani, mimi nilikuwa napiga pasi na mama mdogo alikuwa akilalamikia mgongo wake. Jumamosi ya kawaida. Redio ya jirani ilikuwa ikisoma matokeo ya mpira, maji yalikuwa yakichemka jikoni, na mezani kulikuwa na kofia nne za watoto wachanga zikisubiri wenyewe. Mama mdogo alikuwa fundi wa kufuma kwa sindano ya kroshia. Mimi nafanya kazi kwa dobi, na nguo zake zikiletwa kufuliwa nilizijua kwa kuzigusa tu. Mkono wake wa kufuma ulikuwa mlegevu. Sweta lake ukilivaa unasahau kama umevaa kitu.

Namwita mama mdogo kwa kuwa ni mdogo wa mama yangu, lakini moyoni sina mama mwingine. Yeye ndiye aliyenilea, na yeye ndiye aliyenipa jina la Chiriku, kwa sababu ya mdomo wangu usiopoa.

Aliyeleta mfuko alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti ndogo kama anayeongea ndani ya wodi. Alisema mama yake alikuwa fundi pia, ametangulia mbele ya haki, na nyuzi zake zimebaki ndani zikimtonesha kidonda.

"Pole sana, mwanangu," alisema mama mdogo. "Kaa basi, unywe chai."

"Ahsante, mama. Ziangalie kwanza."

Zilikuwa nyuzi nzuri, za rangi zote. Chini kabisa ya mfuko kulikuwa na kizibao kilichoanzwa. Milia saba tu: nyekundu, manjano, kijani, zambarau, chungwa, samawati, nyeupe. Sindano ilikuwa bado imo kwenye kitanzi cha mwisho.

"Alikuwa anajifumia mwenyewe," mgeni alisema. "Hakuwahi kukivaa. Ukipenda, kimalizie, ukivae wewe." Akamtazama mama mdogo mabegani, bega moja, kisha la pili, kama fundi anayepima kwa macho. Chai hakuinywa.

Sasa, mama mdogo alikuwa amevisha mtaa mzima, lakini yeye mwenyewe alivaa sweta la kahawia lililotoboka kiwiko. Ukimwambia, anacheka: kinyozi hajinyoi. Ila kizibao kile kilimwingia. Alikiweka kifuani mbele ya kioo, akageuka huku, akageuka kule, mwanamke wa miaka hamsini na sita anayetaka rangi kwa mara ya kwanza. Nilifurahi mno. Mimi ndiye niliyemwambia, "Kimalizie, mama, nawe upendeze."

Jirani yetu, fundi cherehani, alipokiona hakucheka, naye ni mtu wa kucheka hata msibani.

"Kifumue uanze upya, dada," alisema. "Kazi ya mtu haiendelezwi kwenye sindano yake. Kila fundi ana mkono wake. Maungio yataonekana."

"Yaonekane kwa nani?" mama mdogo alijibu. "Hakuna mkono nisioweza kuuiga mimi."

Hilo ndilo kosa, na ni kosa la fundi. Mtu asiyejua kazi asingethubutu. Mkono wa marehemu ulikuwa wa kukaza, vitanzi vimebanana kama jamvi, kwa hiyo mama mdogo aliuzungusha uzi kidoleni mara mbili badala ya mara moja, akaminya midomo, akaanza. Baada ya siku tatu aliniita nitafute mahali marehemu alipoishia na yeye alipoanzia. Sikupaona. Alifurahi kama mtoto.

Wiki ya pili kofia mbili za wachanga zilirudishwa. Ziliwabana watoto, zikaacha alama kwenye paji la uso. Mama mdogo aliomba radhi, akakaa kuzifuma upya, akalegeza mkono. Mkono haukulegea. Alijaribu mchana kutwa. Kila alichokifuma kilitoka kigumu, na jioni nilimkuta akivitazama vidole vyake kama vya mgeni aliyekaa mezani bila kualikwa.

Wiki ya tatu alihamishia sindano mkono wa kushoto. Mama mdogo hajawahi kutumia kushoto maishani mwake.

Nilimwuliza. Akasema, "Nimekuwa hivi siku zote," na hakuwa anatania.

Yule mwanamke alikuja kila Alhamisi saa nane. Hakuleta kitu, hakuomba kitu. Alikaa kwenye kiti cha karibu na mlango, mikono mapajani, akihesabu milia kwa macho. "Umefika wapi, mama?" Mama mdogo alimwonyesha. Walianza kunong'ona, na nilipoingia walinyamaza.

Kisha ikaja siku ya kukijaribu. Bega la kushoto la kizibao lilikuwa limeshuka kuliko la kulia, maana marehemu alianza kukifuma hivyo, kwa kipimo cha mwili wake. Nilimwambia mama mdogo kitamkaa vibaya, akirekebishe. Akakivaa, nikamfunga vifungo vya chini, nikarudi nyuma kutazama. Kilimkaa sawasawa. Kizibao hakikurekebishwa. Bega lake ndilo lililoshuka.

Siku ile hakuniita Chiriku. Aliniita "wewe binti".

Hofu ikanishika, hofu ya kunikosesha usingizi na chakula. Nilikichukua kizibao nikaenda nacho kazini, nikakifungia kabatini nyuma ya mashuka ya wateja. Niliporudi, mama mdogo alikuwa kitini akifuma hewa. Vidole vinakwenda, midomo inahesabu, hakuna uzi wala sindano. Ngozi ya kidole cha shahada ilikuwa imechanika kwa msuguano wa kitu kisichokuwepo.

Nikapiga magoti. "Mama. Mama, niangalie."

Alinyanyua uso, na kwa muda mfupi alikuwa yeye.

"Chiriku," alinong'ona. "Nifunge mikono. Nikimaliza bega hili nikakata uzi, sirudi tena. Mwenye kizibao yuko hapa. Anasubiri nikate."

Nilimfunga mikono kwa mtandio wangu. Ndiyo, nilimfunga kama mwizi mama aliyenilea, nikilia, naye akinihimiza nikaze. Asubuhi mtandio ulikuwa umekunjwa vizuri juu ya meza, kizibao kilikuwa mapajani mwake, na ufunguo wa kabati la kazini bado ulikuwa shingoni mwangu.

Ilikuwa Alhamisi. Sikwenda kazini. Nilimkimbilia fundi cherehani, nikamweleza yote mbele ya mteja wake, sikujali aibu. Hakuniambia, "Niliwaonya." Alisema tu, "Kifumue, mwanangu. Kazi ya kroshia ina huruma, uzi ukiwa haujakatwa. Unaitoa sindano, unavuta uzi, kinarudi kilikotoka. Wahi."

Nilirudi. Mama mdogo alikuwa amesinzia kitini, sindano mkono wa kushoto, safu mbili zimebaki. Nilimnyofoa sindano. Nikashika uzi. Nikavuta.

Vitanzi vilifunguka kimoja kimoja. Mlia wa waridi ukaisha. Nikavuta. Wa kijivu ukaisha. Uzi ukarundikana miguuni pangu. Kila mlia uliofumuka, uso wake ulilainika. Bega likapanda. Nilivuta kwa mikono miwili, jasho linanichuruzika, namwomba Mungu kwa sauti. Kwenye mlia mweusi alifumbua macho.

"Chiriku, umekula?"

Nilicheka na kulia kwa pamoja. "Nitakula, mama. Nitakula."

Ikabaki milia saba ya marehemu. Nikavuta. Haikuja. Nikasogea dirishani nitazame. Ndani ya uzi, ukiwa umesokotwa nao, kulikuwa na unywele. Mweupe. Mrefu. Nikafungua kitanzi kingine kwa kucha. Unywele. Kingine. Unywele. Marehemu alikuwa amejifuma humo mwenyewe, kitanzi kwa kitanzi.

Nikavuta kwa nguvu.

Nyuma yangu mama mdogo alikoroma. Nikageuka. Mdomo uko wazi, pumzi haiingii. Nikaachia uzi. Pumzi ikaingia.

"Vuta," alinong'ona.

"Utakufa, mama."

"Nife mimi. Vuta."

Nikavuta. Macho yakamgeuka. Midomo ikawa ya rangi ya majivu. Miguu ikapiga sakafu mara mbili, mara tatu. Nikaachia.

Najua ulichokuwa unasubiri nifanye. Alinisihi, nami nilimpenda, na nilishindwa. Hilo ndilo linalonila mpaka leo. Ningevuta, ningemzika akiwa wangu.

Nikadhani mkasi utasaidia, labda kukata pale pale kwenye maungio. Wetu sikuuona. Nikatoka mbio kwa fundi cherehani, mlango wa pili tu, nikamshika mkono, tukarudi na mkasi wake. Sidhani kama nilihesabu pumzi ishirini.

Sakafuni hakukuwa na uzi. Hata kipande. Mama mdogo alikuwa amesimama katikati ya chumba, amevaa kizibao, kimekamilika, milia yote, mabega yote mawili, mkia wa uzi umekatwa na kufichwa kwa ustadi. Yule mwanamke alikuwa amepiga magoti mbele yake, akimfunga kifungo cha mwisho. Machozi yalikuwa yakimtoka.

Mama mdogo alinitazama. Kisha akamwinamia yeye.

"Mwanangu, huyu ni nani?"

"Jirani, mama. Twende nyumbani."

Fundi cherehani alisimama mlangoni kuwazuia. "Nipishe, baba," mama mdogo alimwambia, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia, na yule mzee akapisha. Hata leo hajui kwa nini alipisha. Mimi nilimng'ang'ania mkono. Nilimwita mama, nilimwita kwa jina lake, nilimtajia dawa zake za presha, wimbo wake wa kufagilia, kovu la goti lake. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, kama unavyomsikiliza mgonjwa wa akili barabarani.

"Pole, binti," alisema. "Mama yako yuko wapi?"

Yule mwanamke alinitoa vidole polepole, kimoja kimoja. Akaninong'oneza sikioni: "Nisamehe. Lakini kwako wewe alikuwa mama mdogo tu."

Polisi waliniuliza kama kuna aliyemlazimisha. Waliwatembelea, wakakuta mtu mzima, ana afya, anacheka, anasema amekaa nyumba ile miaka thelathini. Wakaniambia niache kusumbua watu. Ndugu wakasema mzee amechoka kulea. Daktari akanipa dawa za usingizi.

Basi nikawa mteja. Ningefanya nini? Kila Alhamisi natoka kazini, natembea mitaa mitatu, nabisha hodi. Yule mwanamke ananifungulia. Nadhani ananiogopa, au ananihurumia. Mama mdogo ananipima kwa utepe, kifua, mkono, mgongo, vidole vyake vinanigusa shingoni, na kila wiki ananiuliza jina langu. Nina masweta kumi na moja. Yote magumu kama jamvi, yananikwaruza kwapani. Nayavaa.

Wiki iliyopita nilichukua la kumi na mbili. Niliagiza la saizi yangu, rangi ya kijani. Alinikabidhi likiwa limefungwa kwenye gazeti, akawa ananitazama kwa wasiwasi.

"Binti, samahani," alisema. "Vipimo nilivyoandika ni vyako. Lakini mikono yangu ilikataa."

Nililifungua nyumbani. Lilikuwa dogo. Sweta la mtoto. Nililitandaza kitandani, nikapima kwa shibiri, nikakaa chini. Mama yangu mzazi alipofariki nilikuwa na miaka sita, na usiku wa kwanza kwa mama mdogo nilitetemeka kwa baridi hadi akanifunga kwa sweta lake mwenyewe. Hili lilikuwa la mtoto wa miaka sita.

Mikono miwili ya sweta ilikuwa laini. Ilifumwa kwa mkono mlegevu, vitanzi vinapumua. Nililiweka usoni nikalia mpaka likalowa. Yumo. Mama yangu bado yumo mle ndani, na ananijua.

Halafu vidole vyangu vikapanda kifuani mwa sweta. Vitanzi vikaanza kubana. Kadiri nilivyopanda ndivyo vilivyokaza, safu kwa safu, mkono wa marehemu. Nikafika shingoni.

Hapakuwa na shingo. Tundu la kupitishia kichwa lilikuwa limefumwa, likazibwa, likakazwa, na uzi umekatwa.