Nani Aliilemaza Diski Mpya?

Jumatatu, saa mbili asubuhi, bibi harusi alikwama puani. Shela lilikuwa limeshaonekana, macho yakafuata, kisha kompyuta ya studio ikagoma kuendelea na picha. Mdadisi, aliyepewa jina hilo na ukoo mzima kwa sababu zilizo wazi, aliitazama ile nusu ya bibi harusi, nayo nusu ikamtazama.

"Ndiyo hiyo diski mpya," alisema Shangazi, mwenye studio. "Ile ya zamani ilikuwa inakohoa, lakini ilikuwa inafika." Akamgeukia Fundi. "Umeniletea bandia. Wateja wakija mchana wakakuta picha hazijawa tayari, mimi na wewe basi."

"Mama, Ijumaa ilikuwa inakimbia kama swala. Uliiona mwenyewe."

Kweli aliiona, na hapo ndipo Mdadisi alipochanganyikiwa. Diski gani inazeeka kwa siku mbili?

Kwenye kiti cha wateja, Baba Mdogo, mdogo wake Shangazi, aligeuza ukurasa wa gazeti. "Mafundi wa siku hizi," alisema, asimalizie.

Mdadisi alianza na virusi: hakuna. Akamshuku muuzaji, Fundi akaipima diski, ikaonekana nzima kuliko wao wote. Akaushuku hata umeme. Kufika saa nne, washukiwa wote walikuwa wameachiwa huru, na kichwa cha mpelelezi kilikuwa kinazunguka kama feni mbovu.

"Hebu niambie ulivyoiandaa," alimwambia Fundi.

"Niliigawa upya kabisa. Nikaweka mfumo mpya, nikahamisha picha peke yake. Makorokoro mengine niliyaacha kwenye ile ya zamani, pale rafuni."

"Mbona karata zipo?"

Fundi aliinama. Mchezo wa karata ulikuwapo na alama zake zote, mchezaji kajiita Bingwa.

"Hii sikuiweka mimi." Akafungua programu inayoonyesha migawanyo ya diski, akakodoa macho. "Mgawanyo unaanzia sekta, yaani kijichumba cha diski, ya sitini na tatu. Wangu ulianzia elfu mbili arobaini na nane. Sitini na tatu ni mambo ya diski za kale."

"Sasa namba si namba tu?"

"Kwenye hizi mpya, sekta nane ndogo ndiyo moja kubwa ya kweli. Sitini na tatu haigawanyiki kwa nane. Kwa hiyo kila kipande cha picha kinalala kati ya vitanda viwili vya wageni. Kikijigeuza, kinaamsha wote wawili. Diski inafanya kazi mara mbili."

Mdadisi alielewa vitanda. Hesabu akawaachia wenyewe. "Yaani mtu kainakili diski ya zamani nzimanzima juu ya mpya, pamoja na mwanzo wake mbovu."

"Ndiyo. Lakini nani? Jumamosi sote watatu tulikuwa harusini tunapiga picha."

Mdadisi akapaza sauti. "Shangazi, njoo umwone huyu Bingwa wa karata. Kafungwa mara arobaini mfululizo. Mtu mzima, hata haya hana."

Gazeti likashuka. "Arobaini ya wapi? Nimefungwa mara mbili tu tangu mwaka jana, na moja umeme ulikatika."

Shangazi akamsogelea mdogo wake.

"Jumamosi ulibaki wewe kulinda duka," Shangazi alisema polepole.

"Nilikuta alama zimefutika, dada. Mwaka mzima wa ushindi. Nikatumia programu yangu ya kunakili, ya enzi zile za ofisini. Nilirudisha tu kila kitu kilivyokuwa. Ningejuaje kama itachechemea?"

"Na asubuhi yote unamtazama mwenzio anabebeshwa msalaba wako?"

"Nilidhani itajirekebisha."

Shangazi alimgeukia Fundi. "Utamaliza lini kuupanga upya huo mwanzo?"

"Jioni. Lakini mimi si nimefukuzwa?"

"Nilisema mchana, na mchana haujafika. Fanya kazi."

Kisha akamsukumia mdogo wake simu. "Wateja wa leo wote ni wako. Anza na bibi harusi."

"Nimwambie nini?"

"Mwambie ulikuwa unashinda."