Sakafu ya Kanisa la Tatu

Jioni ile nilikwenda kumwagilia sakafu tu. Zege la jana linataka maji lisipasuke, na mimi, Asajile, fundi mkuu wa kanisa letu jipya hapa Ibighi, sikumwamini kibarua yeyote kwa kazi hiyo.

Kanisa la kwanza lilikuwa la udongo na nyasi. La pili, la matofali, lilijengwa palepale, likiwa kubwa kidogo. Hili la tatu limevuka uzio wa zamani na kuingia kwenye migomba. Hapo ndipo penye dhambi yangu.

Mama yangu, bibi Elina, alinionya kabla hatujachimba msingi.

"Mwanangu, kwenye migomba ile walilazwa watoto waliokufa bila ubatizo. Mapadre wa zamani waliwakataa makaburini. Kaka yako yumo."

Paroko aliponiuliza kama kuna makaburi, nilisema hakuna. Askofu alikwishapanga siku ya kulitabaruku kanisa, nami nilitaka sifa. Nikafunika kombe mwanaharamu apite. Tulipochimba tukakuta vitu vidogo, vyeupe... Nikawaambia vijana ni mifupa ya kuku. Siku moja kabla ya jioni ile tukavimwagia zege.

Sasa nikamwaga ndoo ya kwanza. Maji yakatanda. Ukungu ulikuwa unaingia madirishani.

Nikamwaga ya pili.

Kukanukia maziwa. Maziwa ya mama, yale yanayogandia kwenye nguo ya mzazi.

"Na mimi..."

Niligeuka. Hakuna mtu.

"Na mimi... na mimi..."

Sauti zilitoka chini, nyembamba, nyingi, zikigombea maji. Niliogopa, lakini aibu ilizidi woga, maana nilielewa wanachotaka. Katekista alitufundisha utotoni kwamba pakiwa na hatari ya kifo, Mkristo yeyote anaweza kumwaga maji, kutaja jina na kubatiza. Maji nilikuwa nayo mkononi. Lakini kuyasema maneno ya ubatizo ni kukiri kwamba nilijua wamo.

Nikaiweka ndoo chini taratibu.

Zikanyamaza zote. Ikabaki moja, karibu kabisa na mguu wangu.

"Mdogo wangu..."

Nilikimbia hadi barabarani.

Kesho yake nilimwambia Paroko nimesikia sauti. Za nani, sikusema. Akacheka. "Zege bichi hutoa hewa, fundi. Umechoka tu, kapumzike." Nikaitikia haraka kuliko ilivyofaa. Tukaweka vigae, Askofu akaja, ngoma zikapigwa, na jina langu likatajwa mbele ya waumini wote. Nilitamani wasinipigie makofi.

Misa ilipokwisha nikamkuta mama upande ule uliokuwa wa migomba, amepiga magoti, sikio kalilaza juu ya kigae.

"Mama, inuka. Watu wanatazama."

"Anauliza ni nani aliyemfunika," alinong'ona. "Nimjibu nini?"

Mungu ananiona, ukweli ulinifika kooni.

"Mwambie ni mafundi wa kutoka Mbeya, mama."

"Ndaga, mwanangu," akanishukuru. Akainama, akamwambia. Kisha akasikiliza.

Akasikiliza kwa muda mrefu.

Alipoinuka aliukataa mkono wangu. Alitoka peke yake, akijishikiza ukutani, na tangu siku hiyo mama yangu haonji chakula kilichopita mikononi mwangu.