Mgeni wa Bibi Zombi

Bibi Zombi aliinua sufuria ya chai jikoni, ikiwa bado inatokota, akaipeleka mdomoni na kunywa. Hakuimimina kikombeni, hakuipuliza, hakukunja hata uso. Mumewe, fundi bomba, alikuwa amechuchumaa chini ya sinki akikaza nati iliyovuja. Alimtazama, akapiga makofi.

"Leo umenipata," akasema. "Umeweka maji baridi humo, eti? Hebu rudia nikurekodi."

Usimlaumu haraka. Mwanamke huyu alikuwa ameshamzoesha. Hilo jina la Bibi Zombi alijipa mwenyewe, kwenye ukurasa wake wa simu, ambako kila asubuhi aliwapa watu habari zake: amelalaje, anasoma kitabu gani, mchuzi umeungua au umenusurika, na zombi yupi wa filamu ya jana alitembea sawasawa na yupi alitembea kama mtu aliyebanwa na viatu. Alipenda vitabu, akapenda mazombi, na mume, aliyeshika nafasi ya tatu baada ya hivyo viwili, hakuwahi kununa. Mara nyingi tu Fundi alirudi kazini akamkuta nyuma ya mlango, shingo upande, macho juu, naye mke akamrukia na kumng'ata sikio. Walicheka mpaka majirani wakagonga ukuta. Basi siku hiyo naye akacheka, akarudi kwenye nati yake.

Jioni midomo ya mkewe ilikuwa imejaa malengelenge. Fundi akaleta mafuta, akampaka kwa kidole, huku mwenyewe anatazama ukuta.

"Inauma?"

"Nini inauma?" akauliza mkewe, kwa upole kabisa.

Baada ya hapo ikaja harufu. Ilikuwa harufu ya karatasi zilizolowa, zikafungiwa kwenye boksi mpaka zikaota ukungu. Fundi, kwa kuwa ndiyo kazi yake, alidhani kuna bomba linavuja ndani ya ukuta. Akagonga kuta zote, akabandua vigae viwili vya bafuni, akalala kifudifudi akapeleka pua sakafuni. Kukavu. Akasimama nyuma ya mkewe aliyekuwa ameketi na kitabu, na harufu ikampiga usoni. Ilitoka kwenye nywele zake. Na alipoinama karibu zaidi aliona kwamba mkewe anafunua kurasa, moja baada ya nyingine, kwa mwendo uleule, lakini macho hayasogei.

Kwenye ukurasa wake wa simu, wakati huohuo, mambo yalikuwa motomoto. Habari za kila siku ziliendelea, picha za vitabu ziliendelea, na watu wakaandika kwamba siku hizi amechangamka, hachoshi, aendelee hivyohivyo. Fundi alizisoma habari zile chooni, mlango umefungwa. Zilikuwa nzuri. Hakuna hata moja iliyomtaja yeye.

Dobi ndiye aliyemtoa tongo machoni. Bibi Zombi alikuwa ameajiriwa kupiga pasi kwenye duka la huyo Dobi, na mwanzoni Dobi alimpigia Fundi simu kumsifu: mkeo siku hizi hapumziki, hali, hapigi soga, rundo la mashuka analimaliza kabla ya adhuhuri. Mchana mmoja akapiga tena, na safari hii sauti yake ilikuwa ya chini.

"Njoo umchukue," akasema. "Njoo sasa hivi, nakuomba, na usiniulize kwenye simu."

Fundi alimkuta Dobi amesimama nje ya duka lake mwenyewe, hathubutu kuingia. Ndani, kwenye mvuke, mkewe alikuwa amelaza mkono wa kushoto juu ya meza, kiganja chini, vidole vimetandazwa vizuri kama vya mtu anayenyoosha ukosi wa shati, na kwa mkono wa kulia alikuwa akiupitishia pasi, polepole, akifika kwenye kucha anageuza, akirudi kwenye kifundo anageuza tena, na harufu ya nyama inayoungua ilikuwa imechanganyika na ile ya karatasi mbichi hata Fundi akashindwa kupumua, na mkewe aliinua uso akamtabasamia, akamwambia, "Bado kidogo tu, namaliza."

Dobi alimfahamu mama mmoja anayetoa majini. Aliitwa, akaja na kikapu chake, mwanamke mnene asiye na maneno mengi. Alimkalisha Bibi Zombi, mkono umefungwa bandeji, akafukiza, akasoma alivyosoma, kisha akauliza, "Wewe uliyemo humu ni nani?"

"Mgeni," sauti ikajibu. Ilikuwa ya mkewe na haikuwa yake. "Sikuvunja mlango. Nimekaribishwa."

"Nani kakukaribisha?"

Mkono ule mzima ukachukua simu, ukatafuta, ukamnyooshea Fundi. Ilikuwa video ya mkewe. Alikuwa na kawaida hiyo, na Fundi aliijua sana: kila kitabu kikuukuu alichonunua alikikaribisha nyumbani mbele ya wafuatiliaji wake, kwa maskhara, kama anavyokaribishwa mkwe. Humu ameshika kitabu chenye jalada jeusi, kutoka vitu vya marehemu fulani vilivyouzwa kwa jumla, anakipapasa. "Karibu ndani," anasema huku anacheka. "Kaa, jisikie uko kwako. Changu chote ni chako, usione haya."

Mama yule akaanza kupanga vitu vyake kikapuni.

"Mbona unaondoka?" akauliza Fundi.

"Mwanangu, aliyeingia kwa nguvu namtoa. Huyu kaalikwa na mwenye nyumba, tena kwa maneno mazuri. Sina la kumfanya. Mwenye kumwalika ndiye amwambie aondoke."

"Tukikichoma hicho kitabu?"

"Choma. Ni mlango tu, yeye keshapita." Akamtazama kwa huruma. "Mwite mkeo kwa kitu alichokipenda. Akipanda juu, hata kidogo, amwambie."

Fundi alijaribu. Alimwekea filamu zake za mazombi. Alimpikia. Alijikunja nyuma ya mlango, mtu mzima na tumbo lake, akamrukia na kumng'ata sikio, na lile sikio lilikuwa baridi. Kwa kukata tamaa akachukua riwaya ambayo mkewe alikuwa ameifikisha katikati kabla ya mambo haya, ya mji uliojaa mazombi, akaketi mbele yake, akaanza kusoma kwa sauti. Hakuwa msomaji. Alisoma kwa kukwama, kidole chini ya neno, jasho likimtoka.

"Umeruka mstari, Fundi wangu."

Aliangusha kitabu. Yalikuwa macho ya mkewe, yaleyale, mekundu na yenye hofu. "Mke wangu," akasema, "mwambie aondoke, haraka, mwambie." Lakini alipoacha kusoma macho yalikuwa yameshaanza kufifia, na kabla hajamaliza kusema hapakuwa na mtu.

Akaelewa. Kumbe anapandishwa kwa kusomewa, na kusoma kukikatika anazama. Basi akachukua kalamu, akaandika maneno yake pembeni mwa ukurasa, ayasome humohumo ndani ya hadithi asikate. Kwa mara ya kwanza tangu ile sufuria ya chai, alikula akashiba.

Mchana uliofuata akasoma. Macho yakarudi. Akaendelea, kidole chini ya maneno, mpaka akafika pembeni, akasoma kwa sauti ileile, "Mwambie aondoke. Wewe ndiye uliyemkaribisha. Mwambie," akarudi kwenye mazombi na lango la mji.

Mkewe alianza kulia.

"Nimeshamwambia," akanong'ona. "Jana nikizama nilimwambia, na leo tena. Ananisikiliza vizuri tu, halafu ananiuliza mimi naondoka lini."

Fundi alisoma. Hakujua anasoma nini, maneno yalimtoka na machozi yakadondokea karatasi, na hakuthubutu kunyamaza.

"Sikiliza huku unasoma. Usiponisomea nalala, sioni kitu, siumwi. Ukisoma naamka, na nikiamka mkono unaungua, midomo inaungua, na yeye yumo humu kanikalia kifuani ananipumulia. Na hatatoka, Fundi wangu, hana pa kwenda. Niache nilale. Kama unanipenda, acha kusoma."

Alisoma mpaka mwisho wa ukurasa kwa sababu hakuwa na nguvu ya kuamua. Kisha akafunga kitabu. Macho ya mkewe yakatulia, yakawa makavu, uso ukamgeukia.

"Mbona umeachia pazuri?" ikauliza ile sauti. "Nilikuwa nasikiliza."

Siku iliyofuata Fundi alienda kazini. Alizibua mifereji ya nyumba moja kubwa, akacheka walipocheka wenzake, na moyoni ameshaapa hatasoma tena, hata kidogo, amwache mwanamke apumzike. Aliporudi, jua likiwa bado juu, alikuta viti viwili vimewekwa vikitazamana. Kwenye kimoja alikuwa ameketi mkewe, mikono mapajani, nywele zimechanwa vizuri. Kwenye kingine kilikuwa kitabu, kimefunuliwa palepale Fundi alipokomea.

Alisimama mlangoni na begi lake la spana begani. Aliutazama uso ule, ambao alikuwa amelala karibu nao miaka yote ya ndoa yao, na alitaka kitu kimoja tu, asikie tena anaambiwa ameruka mstari. Alitaka mara moja tu. Alijua anachofanya, tusimtafutie visingizio.

Akatua begi, akaketi, akakohoa kusafisha koo. Akaanza kusoma, na kabla hajafika mwisho wa mstari wa kwanza mkewe akaanza kupiga kelele.